TUIJUE NCHI YETU: Forodhani, Uwanja wa Watu Wote



Mwezi huu tunakwenda mbali. Tunatoka Ipililo, tunavuka nchi yote mpaka pwani, kisha tunavuka bahari mpaka Unguja. Huko mjini, mbele ya bahari, pana mahali panapoitwa Forodhani. Ni uwanja, lakini si uwanja wa mpira. Ni bustani iliyo wazi katikati ya mji. Mtu yeyote anaweza kukaa, kutembea, kula na kuzungumza hapo, na hakuna atakayemwuliza wewe ni nani.

Kila kijiji kina mahali pa namna hii. Sisi tuna mnada, tuna kisima, tuna mti wa mkutano. Mahali hapo hapana mwenyewe mmoja, maana wenyewe ni sisi sote. Mji nao unahitaji mahali pa wote. Na katika miji mingi ya dunia, mahali hapo pa wote huwekwa maji. Mengine ni ya kunywa. Mengine hurushwa juu kwa bomba ili watu wayatazame na kupata ubaridi. Huko huitwa chemchemi, ingawa imetengenezwa na mafundi.

Leo tutazungumza juu ya mambo hayo mawili, yaani uwanja na maji. Katika historia ya Unguja yamekwenda pamoja.

PEMBE, WATU NA USHURU

Kwanza tulitazame jina. Forodha ni mahali ambapo bidhaa zinazoingia au kutoka kwa meli hukaguliwa na kulipiwa ushuru. Forodhani ni penye forodha. Basi kabla ya kuwa bustani, mahali hapo palikuwa pa mizigo, makuli na makarani.

Katika miaka ya 1830 Sultani Said bin Sultan wa Omani alikuwa ameanza kuifanya Unguja makao yake. Mwaka 1833 alifanya mkataba na Marekani. Katika mkataba huo ushuru wa bidhaa zao uliwekwa kuwa asilimia 5, yaani shilingi 5 kwa kila bidhaa ya shilingi 100. Kazi ya kukusanya ushuru aliikodisha kwa wafanyabiashara wa Kihindi. Wao walimlipa Sultani fedha kila mwaka, na kilichozidi kikawa chao.

Bidhaa kubwa iliyopita hapo ilikuwa pembe za ndovu. Nazo zilitoka wapi? Zilitoka bara, huku kwetu. Wanyamwezi na Wasukuma walizibeba mabegani kwa miezi mingi mpaka Bagamoyo, kisha zikapandishwa majahazini. Kwa hiyo msomaji wa Ipililo asidhani kwamba Forodhani hapamhusu. Huenda babu wa babu yake alibeba mzigo uliofika pale.

Na si pembe tu. Watumwa nao walilipiwa ushuru, kichwa kwa kichwa, kama vile mtu alipiavyo ng'ombe mnadani. Jambo hilo ni chungu kuliandika, lakini lilikuwa hivyo. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Sultani Barghash bin Said alitia sahihi mkataba wa kulifunga, baada ya kubanwa sana na Waingereza. Leo mahali pa soko hilo pana kanisa kubwa.

MJI ULIOKUWA UKINUKA

Sasa tuje kwenye maji.

Mji wa Unguja wakati huo ulikuwa na watu wengi na nyumba nyingi za mawe, zimesongamana. Watu walichota maji katika visima vifupi vilivyochimbwa katikati ya nyumba. Vyoo navyo vilikuwa karibu na visima hivyo. Takataka zilitupwa pwani. Mwaka 1866 Daktari Livingstone alipita hapo akielekea bara. Uvundo ulimshinda. Alisema mji ule ungefaa kubadilishiwa jina, uitwe kwa harufu yake.

Mwaka 1869 na 1870 kipindupindu kiliingia. Maelfu ya watu walikufa. Daktari mmoja Mwingereza, James Christie, alikuwapo akifanya kazi mjini. Aliandika habari zote za ugonjwa huo, jinsi ulivyosafiri na misafara na majahazi, na kitabu chake kilitoka mwaka 1876.

Je, watu walijua wakati huo kwamba kipindupindu huletwa na maji machafu? Wachache tu. Tutoke Unguja kidogo twende London, Uingereza. Mwaka 1854 kipindupindu kiliua watu zaidi ya 600 katika mtaa mmoja wa mji huo. Madaktari wengi waliamini kwamba ugonjwa huletwa na hewa mbaya. Daktari John Snow hakukubali. Alikwenda nyumba kwa nyumba akiuliza nani amekufa, na alikuwa akinywa maji ya wapi. Kisha akatia alama katika ramani. Alama nyingi zilizunguka pampu moja ya mtaa, iliyokuwa katika barabara iliyoitwa Broad Street. Snow akawaomba wakubwa wa mtaa wang'oe mpini wa pampu ile. Wakaung'oa. Baadaye ilionekana kwamba shimo la uchafu la nyumba ya jirani lilikuwa likivuja kuingia kisimani.

Angalia kazi aliyoifanya. Hakuwa na mashine. Alikuwa na kalamu, karatasi na miguu yake. Aliandika majina na akahesabu. Kwa maoni yangu, hiyo ni moja ya kazi bora zilizopata kufanywa na mtu ajuaye kusoma na kuandika.

Miaka mitano baadaye, mwaka 1859, chama kimoja kilianza kuweka maji safi ya kunywa bure katika barabara za London. Bomba la kwanza lilikuwa na vikombe vilivyofungwa kwa mnyororo, watu wasiondoke navyo. Kila mpita njia alikunywea kikombe kile kile! Leo mwuguzi wa zahanati angepiga kelele.

MAJI YA BARGHASH

Turudi Unguja. Barghash alitawala tangu mwaka 1870 mpaka alipokufa mwaka 1888. Alishika nchi wakati kipindupindu kilikuwa kimetoka tu kuwamaliza watu. Mwaka 1872 tufani kubwa ikavunja majahazi yake na kung'oa mikarafuu. Alianza vibaya. Lakini alikuwa mtu aliyeona mengi. Zamani, kabla ya kutawala, aliwahi kufukuzwa Unguja kwa kugombea kiti cha ndugu yake, akakaa Bombay, nchini Bara Hindi. Huko aliona mji mkubwa wenye barabara pana na maji ya bomba.

Aliporudi na kupata madaraka, alijenga sana. Jumba lake kubwa, Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, lilimalizika mwaka 1883. Linatazama Forodhani. Watalii hulipiga picha mpaka leo. Lakini mimi nikiulizwa kazi yake bora ni ipi, sitataja jumba. Nitataja maji. Barghash aliagiza maji yaletwe mjini kwa mfereji na mabomba kutoka katika chemchemi zilizo kaskazini mwa mji, upande wa Bububu. Kwa mara ya kwanza mtu wa mjini alipata maji yasiyopita chini ya choo cha jirani.

Kuna jambo dogo la lugha hapa. Sisi wa bara twasema "bomba" tukiwa na maana ya mahali pa kufungulia maji. Watu wa Unguja husema "mfereji". Ukiwa mgeni Unguja ukaambiwa "funga mfereji", usitafute jembe.

Na jina la Bububu je? Wako wanaosema limetokana na sauti ya maji yakibubujika. Wengine husema ni sauti ya gari moshi, kwa kuwa mwaka 1905 Wamarekani walijenga reli ya maili 7 kutoka mjini, karibu na Forodhani, mpaka Bububu. Gari hilo lilipita katika vichochoro vyembamba, mbele ya milango ya watu. Reli hiyo iliacha kazi katika miaka ya 1920.

KWA NINI MAJI HURUKA?

Msomaji anaweza kuuliza: hizo chemchemi za mijini zinazorusha maji juu, hufanyaje kazi? Zamani hazikuwa na injini.

Chukua pipa la maji. Liweke juu ya jukwaa refu. Funga mpira chini ya pipa, uulaze mpaka ardhini, kisha geuza mdomo wake utazame juu. Maji yataruka. Yanataka kupanda karibu na pale yalipotoka. Pipa likiwa juu zaidi, maji nayo huruka juu zaidi. Hakuna uchawi. Ni uzito wa maji yenyewe.

Warumi walijua jambo hilo zamani sana. Walijenga mfereji wao mkubwa wa kwanza mwaka 312 kabla ya Kristo, na baadaye mji wa Roma ukawa na mifereji 11. Maji yalitoka milimani yakaingia katika mabirika ya mitaani. Masikini walichota hapo. Mfereji mmoja, uliojengwa mwaka 19 kabla ya Kristo, ndio ulioleta maji katika chemchemi maarufu ya Roma iitwayo Trevi, iliyomalizika kujengwa mwaka 1762. Wageni hutupa sarafu ndani yake. Fedha hizo hukusanywa na kusaidia masikini.

Lakini si kila chemchemi ya mjini iliwekwa kwa ajili ya mwenye kiu. London kuna uwanja mkubwa uitwao Trafalgar Square, ambapo watu hukutana kudai haki zao. Mwaka 1845 ziliwekwa chemchemi mbili kubwa katikati yake. Moja ya sababu ilikuwa kupunguza nafasi, ili watu wengi mno wasiweze kukusanyika. Kumbe hata maji yanaweza kutumiwa kuwabana watu.

MIZINGA, HALAFU MAUA

Forodhani nayo ilipata kuona nguvu. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza zilipiga mizinga majumba ya Sultani hapo ufukweni, kwa sababu Khalid bin Barghash alikuwa amekalia kiti bila idhini yao. Vita hiyo ilidumu kama dakika 38 tu. Ni vita fupi kuliko zote zinazojulikana. Mnara wa taa uliokuwa mbele ya Beit al-Ajaib ulibomolewa. Mamia ya watu wa upande wa Sultani waliuawa au kujeruhiwa katika muda ambao mtu wa Ipililo hajamaliza kukamua ng'ombe wake.

Baadaye bandari ilihamia Malindi, na mahali pa forodha ya zamani pakabaki. Mwaka 1936 Sultani Khalifa bin Harub alitimiza miaka 25 ya kutawala. Kwa ajili ya sherehe hiyo palitengenezwa bustani. Ilipandwa miti na maua, ikawekwa viti, na katikati likajengwa jukwaa la bendi. Jioni bendi ya Sultani ilipiga muziki na watu walikuja kusikiliza. Bustani ikaitwa kwa jina la yubile, yaani sherehe ya miaka mingi.

Mwaka 1956 binti wa ufalme wa Uingereza, Princess Margaret, alikuwa anakuja kutembea. Wakajenga lango jeupe hapo ufukweni ili apite. Hakupita. Alishukia mahali pengine. Lango likabaki. Tangu hapo limepitiwa na wavuvi, watoto na wauza maji ya miwa, na nadhani hao wamelitumia vizuri kuliko ambavyo angelitumia yeye.

Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yaliondoa usultani. Jina la yubile likafutwa. Watu wenyewe waliendelea kusema Forodhani, na ndilo lililoshinda.

NANI ALIPE?

Bustani ya watu wote ina shida moja. Kwa kuwa ni ya wote, kila mmoja hungoja mwenziwe aisafishe. Kufika miaka ya 2000 Forodhani ilikuwa imechakaa. Ukuta wa bahari ulikuwa ukibomoka. Maji ya mvua yalituama. Takataka za vyakula zilijaa. Hata hivyo kila usiku wauza samaki, mishikaki na urojo waliwasha taa zao, na watu walikuja. Hawakuacha kuja.

Mwezi wa Januari 2008 kazi ya kuitengeneza upya ilianza, ikigharamiwa na shirika la Aga Khan linaloshughulikia utamaduni, kwa makubaliano na Serikali ya Zanzibar. Bustani ilifungwa, na wauza vyakula walilazimika kuhama kwa muda. Ukuta wa bahari ulijengwa upya. Mifereji ya maji machafu, taa, njia na mahali pa kuchezea watoto vilitengenezwa. Kazi hiyo iligharimu zaidi ya dola milioni 2 za Marekani. Bustani ilifunguliwa tarehe 30 Julai 2009.

Katika muda huo huo mji ulipata somo jingine la maji. Umeme wa Unguja hutoka bara kwa waya uliopita chini ya bahari. Mwezi wa Mei 2008 umeme huo ulikatika kwa karibu mwezi mzima. Desemba 2009 ukakatika tena, na safari hii giza lilidumu miezi mitatu. Umeme ukikatika, pampu za maji husimama. Watu walirudi kwenye visima vya zamani, wakabeba madumu kama babu zao walivyobeba mitungi. Waya mpya mkubwa ulifunguliwa mwaka 2013.

Hapo pana jambo la kufikiri. Baada ya Mapinduzi, maji Zanzibar yalitolewa bure kwa miaka mingi. Bure ni neno tamu. Lakini pampu haili neno tamu, inakula mafuta, umeme na vipuri. Mwaka 2006 ilitungwa sheria ya kuunda Mamlaka ya Maji, na baadaye watu wakaanza kulipia.

Huku kwetu tumepita njia hiyo hiyo. Mwaka 1971 Serikali ilitangaza mpango wa miaka 20. Ilitaka ifikapo mwaka 1991 kila mwanakijiji apate maji safi yasiyozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake. Katika miaka ya 1970, Maswa ilipokuwa bado katika Mkoa wa Shinyanga, wataalamu wa Kiholanzi walishirikiana na wananchi kuchimba mamia ya visima vifupi vya pampu za mkono mkoani humo. Wazee wanazikumbuka pampu zile. Wanakumbuka pia zilivyonyamaza moja baada ya nyingine, kwa kukosa kipuri kidogo ambacho hakuna aliyejua kinanunuliwa wapi wala kwa fedha ya nani. Mwaka 1991 ulifika, mpango haujatimia. Ndiyo maana leo vijijini tuna vyombo vya watumia maji, na tunalipa kwa ndoo. Mimi naona kulipa ni sawa, ikiwa daftari la fedha hizo linasomwa mbele ya mkutano wa kijiji. Kama halisomwi, basi mwanakijiji ana haki ya kuuliza, na sasa kwa kuwa anajua kusoma, ana haki ya kulishika mkononi alisome mwenyewe.

Na kipindupindu hakikuishia zama za Barghash. Kilirudi Zanzibar mwaka 1978, kikarudi tena mara kadhaa baadaye. Mwishoni mwa mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2024 kilifika katika mkoa wetu huu wa Simiyu. Dawa yake ya kwanza ni ile ile aliyoitafuta Daktari Snow kwa miguu: maji yasiyochanganyika na choo. Chemsha maji ya kunywa. Chimba choo mbali na kisima, tena upande wa chini wa mteremko. Nawa mikono kwa sabuni. Mgonjwa apewe maji yenye chumvi na sukari, tena apelekwe zahanati mara moja, usingoje kesho.

UKIFIKA UNGUJA

Siku ukijaliwa kwenda, panda boti Dar es Salaam. Ukishuka bandarini Malindi, geuka kulia ufuate barabara ya pwani, bahari ikiwa mkono wako wa kulia. Utapita mti mkubwa sana unaosemekana ulipandwa mwaka 1911. Utapita jumba la kifalme la zamani, kisha Beit al-Ajaib. Jumba hilo liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika matengenezo, na wafanyakazi wawili walikufa. Mbele kidogo utaona bustani upande wa bahari, na upande wa pili Ngome Kongwe, ambayo Waarabu wa Omani waliijenga baada ya kuwafukuza Wareno mwaka 1698.

Fika saa kumi na moja jioni. Utawakuta vijana wakikimbia na kujirusha baharini kutoka ukutani, mmoja akigeuka hewani kama samaki. Mchezo huo wanauita makachu. Jua likizama, meza za vyakula huwashwa taa. Kukaa ni bure. Chakula hulipiwa, na bei yake uulize kabla hujala.